Kabla hujanunua gari mkononi mwa mtu, kagua deni la namba

Tanzania, faini ya barabarani hufuata namba ya gari, kwa hiyo ukinunua bila kukagua, trafiki atakayekusimamisha kesho atakudai wewe. Fungua tms.tpf.go.tz, andika namba ya usajili, uone kila kosa na kiasi chake. Deni la maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) liko mfumo mwingine kabisa (wengi husahau hapa): piga *152*00# ufuate menyu. Mwuzaji alipe yote kwa namba za kumbukumbu za malipo (control number), nawe ukague upya kabla ya kutoa hela. Kosa ukiandikiwa wewe na hukubaliani nalo, usiharakishe kulipa. Kulipa ni kukiri. Una haki ya kwenda kujitetea mahakamani.