Kung'oa Gego la Mwisho: Namna ya Kulilinda Donge la Damu na Kutambua Hatari Mapema

Gego la mwisho, ambalo wengi huliita jino la akili, kwa kawaida huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, na mara nyingi hukosa nafasi, likalala upande au likabaki nusu limefunikwa na ufizi. Kuling'oa ni kazi ya kila siku kwa daktari wa meno, lakini baadhi ya matatizo yanayotesa zaidi huja baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani.

Kabla ya siku yenyewe, mweleze daktari kila ugonjwa ulio nao na kila dawa unayotumia, hata kama hakukuuliza. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, pamoja na ugonjwa wa ini, huongeza hatari ya kutokwa damu kwa muda mrefu, ilhali kisukari kisichodhibitiwa au kinga ya mwili iliyoshuka hurahisisha maambukizi. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Ulizia pia picha ya eksirei, kwa sababu mizizi ya gego la chini huweza kukaribia mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Mshipa huo ukijeruhiwa, ganzi huweza kudumu kwa wiki au miezi, na kwa wachache haiondoki kabisa. Hatari hiyo hukua kadiri umri unavyosonga, kwa kuwa mizizi huwa imekomaa na mfupa umekuwa mgumu.

Jino likishatoka, ng'ata shashi kwa dakika 30 bila kuitoa kila mara ili kuangalia. Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Damu ikiendelea kutoka, ng'ata shashi nyingine safi, au kifuko cha majani ya chai kilicholowekwa na kupoa, kwani tanini iliyomo husaidia damu kuganda. Isipokoma, rudi kwa daktari.

Damu inayoganda shimoni ndiyo kifuniko cha mfupa na mishipa iliyo chini yake, na ikitoka au ikiyeyuka mapema hubaki kile kinachoitwa shimo kavu. Mdogo wangu, mwendesha boda boda mjini Jinja, Uganda, alirudi kazini kesho yake na kuvuta sigara kama kawaida. Usiku wa siku ya tatu maumivu yalimpanda hadi sikioni, na nilipomulika kinywa chake kwa tochi ya simu niliona shimo tupu lenye mfupa wa kijivu chini yake, huku harufu mbaya ikitoka. Daktari alilisafisha shimo na kuweka dawa ndani, naye akapata usingizi usiku huo. Nasikitika kwamba hakuna aliyemwonya mapema kuhusu sigara.

Kwa hiyo usivute sigara kwa siku tatu angalau, na mairungi uyaweke kando hadi kidonda kifunge. Kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, wala usinywe soda kwa mrija. Baada ya hapo sukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, hasa baada ya kula. Kula matoke laini yaliyopoa au uji vuguvugu, na uache karanga na mahindi ya kuchoma. Wanawake wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango huwa katika hatari kubwa kidogo ya shimo kavu, nao wamjulishe daktari mapema.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua, na taya kuwa gumu kufunguka kwa siku chache si ajabu. Kinachotia shaka ni maumivu yanayozidi baada ya kupungua, usaha, au homa. Ukianza kupata shida kumeza au kupumua, au uvimbe ukishuka shingoni au kujaa chini ya ulimi, usingoje asubuhi: nenda usiku huo huo hospitali ya rufaa iliyo karibu, iwe Mulago, Mbarara au Arua, na uwaambie siku uliyong'olewa jino na dawa ulizokwisha kumeza.