Somo: Namna ya kupima kama kompositi inayojiponya imepona kweli

Habari za wakati huu wanajamvi. Leo tuziangalie kompositi zinazojiponya, yaani resini iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni, ambayo ikipasuka ndani huweza kuuziba ufa wake. Video nyingi huonyesha ufa ukifumba, basi. Ninachotaka mwanafunzi wa uhandisi aondoke nacho hapa ni maswali mawili: imepona kwa kiasi gani, na ikilinganishwa na nini? Asilimia ya kupona isiyojibu yote mawili haifai kujengea kitu.

Mwaka 2001, Scott White, Nancy Sottos na wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Urbana-Champaign walichanganya ndani ya epoksi (aina ya resini) vifuko vidogo mno vyenye kimiminika. Ufa ukivipasua, kimiminika kinaingia ufani, kinakutana na kichocheo cha Grubbs kilichotawanywa kwenye epoksi, kinaganda. Walirudisha hadi asilimia 75 ya ukinzani wa ufa. Lakini ile ilikuwa epoksi isiyo na nyuzi. Ukileta nyuzi mambo yanabadilika: uzi wa kaboni una unene wa takribani mikromita 7 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya mm), na resini iliyo kati ya tabaka na tabaka ni nyembamba sana. Kifuko cha mikromita 100 kikikaa hapo, kinayasukuma matabaka na kuzipinda nyuzi, na nguvu inapungua kabla hata ya ajali yoyote.

Ndiyo maana wengine walipita njia nyingine. Ian Bond na Richard Trask wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitumia nyuzi za kioo zenye uwazi ndani, zilizojazwa resini. Kundi la Jason Patrick wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, lilichapa EMAA, plastiki inayoyeyuka kwa joto, juu ya kitambaa cha nyuzi na kuweka tabaka za kupasha joto kwa umeme. Mwaka 2022 walionyesha kupona mara 100 mahali palepale.

Jambo moja lieleweke mapema. Kinachopona ni resini. Uzi uliokatika haupo katika hesabu hii, kwa kuwa hakuna hata njia moja kati ya hizi inayouunga. Kwa hiyo tunapima kile ambacho resini ndiyo hukibeba: kuachana kwa matabaka. Kipimo chake ni kiwango rasmi cha upimaji kiitwacho ASTM D5528, ambapo kipande kinafunuliwa kama kitabu.

Hatua ya 1: Vipande. Tengeneza aina mbili, yenye dawa ya kuponya na isiyo nayo, kwa kitambaa kilekile, resini ileile na joto lilelile la kukaushia. Usiiruke aina ya pili, ndiyo itakayosema ukweli. Urefu mm 125, upana mm 20 hadi 25, unene mm 3 hadi 5. Katikati ya unene laza karatasi ya tefloni isiyozidi mikromita 13 ili ufa uanzie hapo, takribani mm 50 kutoka mstari wa kuvutia (pale bawaba zitakapovutwa). Angalau vipande vitano kwa kila aina.

Hatua ya 2: Bawaba na alama. Gundisha bawaba juu na chini, upande wenye tefloni. Paka ubavu wa kipande wino mweupe wa kufutia maandishi, kisha chora vistari: kila mm 1 kwa mm 5 za mwanzo, halafu kila mm 5.

Hatua ya 3: Kufunua. Vuta kwa mm 1 hadi 5 kwa dakika. Ufa ukisogea mm chache kupita ncha ya tefloni, legeza, kisha anza upya. Pale nchani hukusanyika resini tupu, na inaweza kukupa namba isiyo ya kompositi yako. Andika nguvu (P), mwachano, yaani umbali ambao bawaba zimeachana (δ), na urefu wa ufa (a).

Hatua ya 4: Hesabu. G = 3Pδ ÷ 2ba, ambapo G ni nishati ya kufungua kila mita ya mraba ya ufa, na b ni upana. Kiwango rasmi kinaongeza marekebisho kwenye a. Hapa nayaacha ili tujifunze, kwenye ripoti usiyaache. Mfano wa kufanyia hesabu: P = 60 N, δ = mm 10, b = mm 25, a = mm 60. Jibu ni jouli 600 kwa mita ya mraba.

Hatua ya 5: Kuponya. Rudisha nguvu hadi sifuri ili nyuso zigusane. Kwa EMAA, majaribio mengi hutumia tanuri ya nyuzi joto 150 za Selsiasi kwa nusu saa, hivyo chagua epoksi inayolistahimili joto hilo. Plastiki inayeyuka, na viputo vinavyozaliwa ikikutana na epoksi huisukuma iingie ufani. Acha ipoe kabisa.

Hatua ya 6: Kufunua tena. Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme sasa, kwa urefu uleule wa ufa, kipande kimeachia kwa N 48. Mtu ataandika 48 kwa 60, kimepona asilimia 80. Lakini ugumu wa kipande haujabadilika, kwa hiyo mwachano nao umeshuka hadi mm 8. Piga hesabu: jouli 384. Kwa nishati, kupona ni asilimia 64! Nishati hufuata mraba wa nguvu. Ile asilimia 75 ya mwaka 2001 ilikuwa uwiano wa nguvu. Kwa nishati ni kama 56. Zote ni halali, mradi useme unatumia ipi.

Pia, kati ya kufunua kwa kwanza na kwa pili, linganisha mwanzo wa ufa na mwanzo, na mwendo wake na mwendo. Mara ya kwanza zipo nyuzi zilizovuka ufa na kuushikilia, zikishakatika hazirudi.

Ukitaka kujua uimara wa muda mrefu, rudia hatua ya 5 na 6 mpaka namba ianze kushuka, kisha fanya yote kwa vipande vilivyolowekwa kwenye maji ya moto. Epoksi hunywa maji.

MASWALI

Mkuu, nimeona makala inasema imepona zaidi ya asilimia 100. Inawezekana?

Inawezekana. EMAA ni sugu kwa ufa kuliko epoksi yenyewe, kwa hiyo sehemu iliyopona inashinda ile ya awali. Ila angalia kigawanyo. Tuseme kompositi ya kawaida ina jouli 500, ukiitia dawa inashuka hadi 400, ikipona inafika 360. Mwandishi atasema asilimia 90. Ukilinganisha na ile ya kawaida ni 72.

Maabara yetu ina mashine ya kuvutia nondo, kilonyutoni 600. Inatosha, mwalimu?

Hapana, dada. Unatafuta N 60 kwenye mashine ya N 600,000, utakachosoma ni kelele tu. Omba kipima nguvu cha N 500 au kilonyutoni 1 kifungwe humohumo.

Mimi natengeneza boti za faiba. Naweza kuchanganya vifuko hivyo kwenye resini?

Fundi, sikushauri. Kichocheo cha Grubbs kina madini ya rutheni, ghali sana, na boti ikigonga mwamba nyuzi zinakatika. Saga kingo za jeraha kwa mteremko, mm 12 za urefu kwa kila mm 1 ya unene, ukaushe vizuri, kisha ulaze matabaka mapya.

Na kwa ndege, kipimo hiki kinatosha?

Hakitoshi. Ndege huogopa pigo lisiloonekana kwa macho, kama spana iliyodondoka kwenye bawa: nje safi, ndani matabaka yameachana, na bawa likibanwa yanajipinda. Ongeza viwango vingine vya ASTM, D7136 ya kudondosha uzito na D7137 ya kukandamiza baada ya pigo, kwenye bamba la mm 150 kwa 100. Pima matatu: bamba zima, lililopigwa, na lililopigwa likaponywa.