Uzamivu Marekani, data Tanzania: vibali vya maadili kwa muuguzi mtafiti

Muuguzi anayesomea uzamivu Marekani na kutaka kuhoji wauguzi au wagonjwa Tanzania anahitaji vibali vya pande zote mbili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Chuo kinafuata kanuni za serikali ya Marekani za kulinda washiriki wa utafiti. Tanzania Bara, kibali cha kitaifa hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI. Barua ya NIMR haikufikishi Unguja.

Anzia chuoni. Andaa cheti cha mafunzo ya maadili (vyuo vingi hutumia CITI, kozi ya mtandaoni), andiko la utafiti, mwongozo wa maswali, tangazo la kutafuta washiriki na fomu ya ridhaa kwa lugha zote mbili. Maombi hupangwa kwenye moja ya ngazi tatu: msamaha (utafiti wa hatari ndogo usiolazimika kupita mapitio ya kawaida), mapitio ya haraka, au kikao cha kamati nzima. Mahojiano na watu wazima kuhusu kazi yao mara nyingi huangukia msamaha, na neno hilo limewaponza wengi. Kusamehewa si ruhusa ya kutopeleka maombi. Ofisi ya maadili ndiyo inayoamua, si wewe wala msimamizi wako. Kibali pia hakirudi nyuma. Ukihoji watu watano ukiwa likizo Mwanza kabla ya barua ya kibali kutoka, usitegemee kuyatumia majibu yao kwenye tasnifu.

Huku nyumbani, tafuta mapema taasisi ya kukupokea na mtafiti mwenza aliye nchini. Hapa ndipo wengi huchelewa, maana barua ya taasisi haipatikani kwa kupiga simu wiki moja tu. Ikiwa umechukua uraia wa Marekani, Tanzania inakuhesabu mgeni hata kama mama yako yuko Bukoba: utahitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kibali cha ukaazi daraja C. Baada ya hapo zinafuata ngazi za utawala: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha mganga mfawidhi wa kituo. Chukua nakala za kutosha, kila meza hubaki na yake.

Fomu ya ridhaa ndiyo inayorudishwa zaidi, na kosa huwa kwenye Kiswahili. Ukiandika "uchunguzi" badala ya "utafiti", mama aliye kliniki atadhani anapimwa, na muuguzi atadhani kuna kesi. "Bahati nasibu" inanukia mchezo wa pesa. Sema watu watachaguliwa kwa kura. Kutunza siri na kutoandika jina kabisa ni ahadi mbili tofauti, usizifunge zote kwenye neno "siri": ukirekodi sauti na kumjua mhojiwa, ya pili huwezi kuiahidi. Mwombe mtu ambaye hajaona fomu ya Kiingereza aitafsiri ya Kiswahili kurudi Kiingereza, kisha linganisha. Weka namba ya simu ya Tanzania. Mama wa Sengerema hatapiga Ohio kulalamika. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye na maslahi, kisha aweke dole gumba. Nauli utakayorudisha itajwe kwa shilingi.

Kamati itauliza pia nani anawaalika washiriki. Muuguzi mfawidhi akiwaita walio chini yake, hiari inabaki kwenye karatasi tu. Ni hivyohivyo ukiwahoji wagonjwa unaowahudumia mwenyewe. Bandika tangazo, anayetaka akutafute, na usimwambie mkuu wake nani alikubali.

Kamati mbili zikigusa fomu moja, kila upande hudai marekebisho yake. Andika namba ya toleo na tarehe kwenye kila ukurasa. Uliza chuo kama kinatoa barua ya masharti inayosubiri kibali cha nchini. Ikiwezekana, ipeleke NIMR, na mabadiliko yao uyarudishe chuoni kama marekebisho. Tenga walau miezi sita kwa mzunguko huu, na usikate tiketi kabla.

Data nazo zina mpaka. Kupeleka rekodi za sauti nje ya nchi kunahitaji mkataba wa kuhamisha data, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa usafirishaji huo. Eleza kwenye andiko zitahifadhiwa wapi, nani atazifungua, na zitafutwa lini.

Kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja, na masharti yake yamechapwa kwenye cheti chenyewe: ripoti ya maendeleo kila miezi sita, na ruhusa ya NIMR kabla ya kuchapisha matokeo. Sharti hili la mwisho husahaulika hadi makala imeshapokelewa na jarida. Omba ruhusa hiyo ukiwa bado unaandika sura ya matokeo.