Klonidini: chupa moja ya bibi mwenye presha, nyingine ya mjukuu

Kwa familia zetu zilizoko Marekani si ajabu kukuta kabati moja lina chupa mbili zilizoandikwa clonidine: moja ya bibi mwenye presha, nyingine ya mjukuu aliyekutwa na ADHD, hali ya kushindwa kutulia na kuwa makini. Duka la dawa halikukosea. Klonidini hufanya kazi ubongoni, ikipunguza ishara za neva zinazobana mishipa ya damu na kuuendesha moyo mbio. Kwa bibi, presha hushuka. Kwa mtoto, papara na utundu hupungua.

Ila chupa hizo hazibadilishani. Bibi kwa kawaida hupewa vidonge vya kawaida, mara mbili kwa siku. Mtoto hupewa vyenye alama ER, vinavyoachia dawa polepole, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ADHD ya umri wa miaka 6 hadi 17. Huanza na miligramu 0.1 usiku, daktari huongeza 0.1 kwa wiki, na mwisho ni 0.4 kwa siku. Kidonge cha ER humezwa kizima. Ukikisaga ukachanganya na uji, dawa iliyopangwa kutoka taratibu itaingia mwilini kwa mkupuo. Mtoto akishindwa kumeza, mwambie daktari abadilishe dawa.

Hatari inayotutia hofu kuliko zote ni kuacha ghafla. Neva zilizokuwa zimetulizwa huamka kwa kishindo: ndani ya siku moja au mbili kichwa kinauma, moyo unadunda, mikono inatetemeka, na presha inaweza kupanda kupita ilivyokuwa kabla ya dawa. Wapo wanaoacha kwa kuwa kipimo kimesoma vizuri wakadhani wamepona, kumbe kimesoma vizuri kwa sababu ya dawa. Wengine huishiwa Jumamosi na daktari hayupo hadi Jumatatu. Basi angalia neno Refills kwenye chupa, yaani mara ulizobakiza za kujaziwa dawa. Likisoma 0, piga simu wiki moja kabla vidonge havijaisha. Kuacha kwenyewe hupangwa na daktari: kwa ER, kupunguza si zaidi ya 0.1 kila baada ya siku 3 hadi 7. Anayemeza pia propranolol au atenolol, dawa nyingine za presha na moyo, yuko hatarini zaidi, na daktari huiondoa hiyo kwanza. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Ukikosa kadhaa mfululizo, au ukitapika vidonge, mpigie daktari simu.

Safari ya nyumbani ndipo mengi huharibika. Dawa ikae kwenye begi la mkononi, ndani ya chupa yake yenye lebo, pamoja na nakala ya cheti cha daktari. Beba ya siku zote za safari na wiki mbili za ziada, wala usitegemee kuipata dukani ukifika. Bima nyingi hulipia mwezi mmoja tu, hivyo omba dawa ya safari mapema. Kutoka Minneapolis hadi Nairobi saa husogea 8 au 9. Mwombe mfamasia akuandikie ratiba ya siku za njiani. Na usiwaachie ndugu vidonge vilivyobaki eti nao wana presha.

Saa nazo huleta mkanganyiko. Lebo ikisema 8 PM, mwandikie bibi kwa kalamu nene "saa 2 usiku", maana akiambiwa "saa nane" atameza saa nane yetu. Aliyehamia kutoka Uingereza ajue kuwa mikrogramu 100 ni sawa na miligramu 0.1. Jina pia lisomwe herufi kwa herufi: Klonopin ni dawa nyingine kabisa, ya kifafa na hofu.

Usingizi, kinywa kukauka, choo kigumu na kizunguzungu ni vya kawaida. Bibi akiamka kwa sala ya alfajiri, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili. Pombe na dawa za mzio zinazoleta usingizi huzidisha hali hiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, wapange dozi za futari na daku.

Wapo wanaotumia plasta ya ngozi inayobadilishwa kila siku 7. Ivuliwe kabla ya kipimo cha MRI, kwani baadhi zina chuma kinachoweza kuunguza ngozi. Iliyotumika bado ina dawa: ikunje gundi kwa gundi, uitupe mbali na watoto.

Kidonge kimoja tu kikimezwa kwa bahati mbaya kinaweza kumlaza mtoto mdogo usingizi mzito, mapigo yakashuka na pumzi ikafifia. Usimtapishe. Akiwa macho, piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, saa zote na bure, uombe mkalimani wa Kiswahili. Haamki au hapumui vizuri, piga 911. Shika chupa mkononi: watakuuliza miligramu, idadi ya vidonge vilivyopungua, na uzito wa mtoto.