Kipimo cha Dawa Kisitoke Kwenye Kundi la WhatsApp

Viwavi wakiingia kwenye mahindi, mkulima wa leo hupiga picha, huituma kwenye kundi la WhatsApp, na kabla hajatoka shambani ameshajibiwa: "Weka vifuniko viwili kwa bomba." Anaweka. Hasara inaanzia hapo.

Kifuniko cha chupa gani? Bomba la lita ngapi? Mabomba ya mgongoni yapo ya lita 16 na ya lita 20, na vifuniko havilingani. Tena dawa ya aina moja huuzwa kwa nguvu tofauti: lambda-cyhalothrin, kwa mfano, ipo yenye gramu 25 kwa lita na yenye gramu 50. Aliyekujibu akiwa na ya 25 nawe umenunua ya 50, umemwaga sumu maradufu na pesa imekwenda nayo. Ikiwa kinyume chake, viwavi wanapona, na hao waliopona ndio wanaozaa wadudu sugu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua chupa, piga picha ya lebo, si ya jani peke yake. Itume pamoja na ujazo wa bomba lako. Mimi asiyenionyesha lebo simpi kipimo, mnisamehe. Lebo ikisema mililita 2 kwa lita moja ya maji, bomba la lita 16 linachukua mililita 32, la lita 20 linachukua 40. Kikokotoo kimo kwenye simu hiyo hiyo mnayosambazia sauti za watu msiowajua! Pimeni kwa kikombe chenye alama za mililita, na kikombe hicho kisionekane tena jikoni.

Mdudu naye apigwe picha kwa karibu, kichwa na mkia vionekane. Alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia ni kiwavijeshi vamizi.

Nyunyiza asubuhi mapema au jioni, ukilenga moyo wa mmea, yaani majani machanga yaliyojikunja katikati, kiwavi akiwa bado mdogo. Akishajichimbia ndani, hata kipimo sahihi hakimfikii. Siku hiyo hiyo hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo, kisha tegesha kengele ya simu. Wengi hawafanyi hivyo, wanavuna mahindi mabichi sumu ikiwa bado imo.

Kinyesi kipya cha kiwavi kisipoonekana kwenye moyo baada ya siku chache, dawa imefanya kazi. Kikionekana, usirudi kwenye kundi kuomba "dawa kali zaidi". Mtumie afisa ugani wako picha ya lebo, kipimo ulichotumia na saa uliyonyunyiza.