Kabla ya Kujiunga na Kundi la Waandishi Mtandaoni

Mtu anayetafuta waandishi wenzake mara nyingi huwa ameandika peke yake kwa muda mrefu. Ana daftari limejaa, au mafaili kwenye kompyuta ambayo hayajaonwa na jicho lolote ila lake. Ana kiu ya kusomwa, na kiu hiyo ndiyo inayomfanya aingie kundini saa tatu usiku, na ikifika saa nne awe amekwisha kuweka nusu ya riwaya mbele ya watu asiowajua. Nami nilianza hivyo. Nilituma sura tatu kwa mpigo, maneno zaidi ya elfu kumi, nikakesha nikingoja. Wiki nzima sikupata hata sentensi moja. Niliumia, nikaamini kazi yangu haifai. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipotambua kwamba hakuna aliyeisoma. Nilikuwa nimewaomba watu jioni yao nzima, ilhali mimi sikuwa nimempa yeyote kati yao hata dakika tano.

Ndiyo maana maandalizi ninayoyatanguliza ni kusoma kazi za wengine. Kabla hujaweka chochote, chagua kazi tatu au nne za wanachama, uzisome kwa utulivu na uzitolee maoni. Makundi mengine yameifanya kanuni kabisa: huweki kazi yako mpaka uwe umehakiki idadi fulani ya kazi za wenzako. Pasipo na kanuni hiyo, fanya tu. Utafahamika, na zaidi ya hapo jicho lako litanoleka. Kosa ambalo hulioni kwako utaliona kwa mwenzio, na ukirudi kwenye mswada wako utalikuta limejaa tele.

Ila maoni nayo yana kazi yake. "Hongera, nimeipenda" humpa mtu moyo, lakini akikaa kurekebisha hana pa kushika. Chukua mfano wa mgeni aliyeweka shairi la tarbia, yaani la mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane kwa nane, na mshororo mmoja unasema: "Nimeketi kivulini, nasubiri barua yako." Sikio linajikwaa. Mhakiki mmoja atasema mapigo hayajakaa sawa, aende zake. Mwingine atahesabu: ni-me-ke-ti-ki-vu-li-ni, nane, na-su-bi-ri-ba-ru-a-ya-ko, tisa. Kisha atauliza, vipi tukisema "nangoja barua yako"? Na-ngo-ja-ba-ru-a-ya-ko. Nane zimetimia na maana imebaki ileile, na uamuzi ni wa mtunzi mwenyewe. Mtu akikufanyia hivyo hata mara moja tu, hutamsahau. Jiandae kuwa mtu huyo kwa wengine.

Kabla ya kuomba kujiunga, kaa pembeni siku chache kama kundi linaruhusu, utazame. Kanuni zisome zote, hasa kuhusu urefu wa kazi, aina ya maandishi yanayokubaliwa, na msimamo wao kuhusu maandishi yaliyotungwa na akili mnemba (AI), maana suala hilo limevuruga makundi mengi. Lakini kanuni hazisemi kila kitu. Tafuta kazi dhaifu ya mtu mgeni, uone wakongwe walivyoipokea. Kama walimwonyesha njia bila kumvunja moyo, hapo pana watu. Kama walimcheka, au kila kazi husifiwa kwa maneno yaleyale matatu, endelea kutafuta. Usiogope kuondoka mahali pasipokufaa.

Jambo la haki huwatia wageni hofu kuliko yote, na hofu hiyo huelekezwa pasipo pake. Wengi huogopa kuibiwa wazo. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, hakimiliki inakuwa yako tangu unapotunga, bila kujisajili popote. Inalinda maneno ulivyoyapanga. Wazo tupu haililindi. Watu kumi wanaweza kuandika kisa cha kijana anayerudi nyumbani akakuta hakuna anayemkumbuka, na visa hivyo visifanane hata kidogo.

Hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine. Majarida na mashindano mengi hupokea tu kazi ambayo haijapata kuchapishwa popote, na baadhi yao huhesabu kazi iliyowekwa mahali panaposomwa na yeyote kuwa imekwisha kuchapishwa. Nimewaona watu wakipoteza nafasi kwa hadithi nzuri sababu waliiweka wazi ili wapate maoni. Uliza basi: je, kazi za humu husomwa na wanachama tu, au na kila mtu? Soma pia masharti ya mtandao wenyewe, ujue unawapa ruhusa gani. Hadithi unayoikusudia shindano ibaki kwako, au mpe msomaji mmoja unayemwamini. Na kila rasimu unayoituma weka nakala yake yenye tarehe.

Jina amua mapema, la kwako halisi au la kalamu, kwa sababu kulibadilisha baadaye ni usumbufu. Usitaje unapoishi wala unapofanya kazi. Fungua anwani ya barua pepe ya uandishi peke yake. Na akikujia mtu faraghani wiki ya kwanza, anausifu mswada wako ambao hata hajausoma, kisha anataka ada ili akuchapishie, achana naye. Mchapishaji wa kawaida humlipa mwandishi.

Siku ya kuweka kazi ikifika, chukua kipande kifupi, maneno elfu moja au elfu moja na mia tano, kinachoweza kusomwa kwa mkao mmoja. Sema ni cha aina gani na kiko hatua gani. Kama kina mambo mazito, kwa mfano kifo cha mtoto au ukatili, mtahadharishe msomaji. Halafu uliza swali mahususi. "Naomba maoni" ni swali pana mno. Msomaji hajui aanzie wapi. "Je, ulijua mapema kwamba shangazi ndiye aliyeficha barua?" Hilo litajibiwa, na jibu utalitumia.

Halafu moyo. Mtindo wa mwandishi kukaa kimya kazi yake inapojadiliwa umehusishwa sana na programu ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936. Wapo wanaoupinga siku hizi, na hoja zao nzito, lakini kwa mgeni una faida moja kubwa: unamzuia kujitetea. Hadithi ikimfikia msomaji huwezi kukaa kando yake ukimfafanulia ulichokusudia. Basi maoni yakija, soma yote, jibu "asante, nimepokea", funga kompyuta, ulale. Kesho yake utaona kwamba neno lililokuchoma usiku halikuwa na ukali wowote. Wasomaji watatu wakinyooshea kidole aya moja, aya hiyo ina tatizo, hata kama kila mmoja amependekeza dawa yake. Ugonjwa waamini wao; dawa itafute mwenyewe, kwani wewe ndiye unayejua hadithi inaelekea wapi.

Ukimaliza kurekebisha, rudi kwa yule aliyekuonyesha kosa umwambie ulibadilisha nini. Ni wachache wanaofanya hivyo. Wengi wetu huhakiki kazi za watu mwaka mzima bila kujua kama kuna mstari mmoja uliopona kwa mkono wetu.