Somo: Jinsi ya kuchagua antivairasi ya kompyuta ya mwanachuo

Habari zenu wakuu. Kila muhula ukianza napata swali lilelile, mtu kapata laptopi yake ya kwanza ya chuo anauliza aweke antivairasi gani, na mimi kabla sijamjibu namuuliza iliyomo humo ndani saa hizi ni ipi, hapo wengi wanakaa kimya maana hawajui kama tayari ipo. Nimekuwa nikitengeneza kompyuta za wanachuo muda mrefu sasa, kwahiyo leo naliweka hatua kwa hatua, alafu maswali yatafuata chini.

Niwape kisa kwanza. Kaja binti wa mwaka wa mwisho, laptopi yake inawaka kwa karibu dakika kumi, feni inalia muda wote, akibonyeza folda anasubiri. Kufungua nakuta antivairasi mbili, moja ilikuja na mashine ikiwa ya majaribio na muda wake ulishaisha zamani, nyingine kapewa na rafiki kwenye flashi imekrakiwa, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bure. Kwenye hiyo ya kraki kulikuwa na kijifaili cha maelekezo, mstari wa kwanza unasema zima ulinzi wa Windows kabla ya kuinstoli, na yeye akazima kama alivyoambiwa. Tasnifu yake nzima ipo humo, kopi nyingine hana popote. Tuliiokoa, lakini alivyokuwa amekaa pale ameshika kingo za meza akisubiri lile folda lifunguke, sijasahau.

HATUA YA 1: Jua ulichonacho
Kama unatumia Windows 10 au 11 tayari una Microsoft Defender, imo ndani, hulipii kitu. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, ifungue. Kila alama ikiwa ya kijani upo salama kwa kuanzia. Ukikuta jina la antivairasi nyingine humo, hiyo ndo inayolinda na Defender imekaa pembeni, ndivyo ilivyotengenezwa. Sasa kama hiyo nyingine ni ile ya majaribio iliyokwisha muda, iondoe kabisa, zima na uwashe kompyuta, Defender itaamka yenyewe.

Msimamo wangu nausema mapema ili nisiwapotezee muda: kwa mwanachuo anayeandika asaimenti, anaingia intaneti na anabadilishana mafaili na wenzake, Defender iliyo hai na yenye apdeti inamtosha. Sijaanza kusema hivi jana, zamani hata mimi nilikuwa naiondoa haraka, ila imebadilika sana na matokeo ya vipimo yanaonyesha.

HATUA YA 2: Ukitaka nyingine, angalia vipimo na siyo matangazo
Kuna maabara mbili zinazopima hizi programu mara kwa mara na matokeo yake unayasoma bure. Moja ni AV-TEST ya Ujerumani, nyingine ni AV-Comparatives iliyopo Innsbruck, Austria. AV-TEST inatoa alama kwenye vitu vitatu, uwezo wa kulinda, uzito kwenye mashine, na urahisi wa kutumia ikiwemo kutokusingizia mafaili mazima kuwa ni virusi, kila kimoja mwisho ni alama 6, jumla 18. Usiangalie jumla peke yake. Kama laptopi yako ina ramu ya 4GB na bado inatumia diski ya kuzunguka (HDD), ile alama ya uzito ndo ya kwanza kuangalia, maana antivairasi nzito kwenye mashine dhaifu mwisho wa siku utaizima mwenyewe ili umalizie kazi, na ukishaizima ni sawa na huna.

Majina utakayokutana nayo sana ni Bitdefender, Avast, AVG, Avira, Norton, ESET, Kaspersky. Jueni tu kwamba Avast, AVG, Avira na Norton siku hizi zipo chini ya kampuni moja inaitwa Gen Digital, kwahiyo mtu akikwambia hama Avast nenda AVG, nyumba ni ileile mmebadilishana chumba.

HATUA YA 3: Soma bure inalipiwa na nini
Hapa naomba mtulie. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 kwasababu ilikuwa inakusanya taarifa za kurasa ambazo watu wanatembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ambayo ilishafungwa 2020. Watu waliinstoli kitu cha kuwalinda, na hichohicho kikawa kinawaandika. Kikulacho ki nguoni mwako. Simaanishi kila cha bure kibaya, ila wakati wa kuinstoli usibonyeze endelea endelea tu, toa tiki kwenye kushiriki data, toa tiki kwenye brauza na viongezo vyake usivyoviomba.

HATUA YA 4: Moja tu
Antivairasi mbili zenye ulinzi wa muda wote haziwekwi kwenye kompyuta moja. Zote zinataka kukagua faili lilelile kwa wakati uleule, zinagombania, mashine inaganda. Ukitaka jicho la pili chukua kama Malwarebytes ya bure, hiyo inaskani pale unapoiita tu. Au faili moja unalolitilia shaka lipeleke VirusTotal, linapitishwa kwenye injini nyingi za antivairasi kwa mpigo. Tahadhari tu, usipandishe huko faili lenye siri zako, maana unachopandisha kinaweza kuonekana na watu wengine.

HATUA YA 5: Apdeti
Mnakumbuka kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kile kilichofunga mafaili ya watu dunia nzima mpaka hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa. Microsoft walishatoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu la Windows ambalo kirusi kilipitia, mwezi Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuapdeti. Kwahiyo antivairasi nzuri juu ya Windows iliyoachwa haikusaidii sana. Na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kama mashine inakubali 11 hamia.

HATUA YA 6: Jaribu kama iko macho
Kuna faili linaitwa EICAR, lina herufi 68 tu, halina madhara yoyote, watengenezaji wa antivairasi walikubaliana walichukulie kama kirusi kwa ajili ya majaribio. Lidaunilodi kutoka tovuti ya EICAR yenyewe. Antivairasi ikilinyaka papo hapo, iko kazini. Ikikaa kimya, rudi hatua ya 1.

HATUA YA 7: Flashi na kopi
Wanachuo tunaambukizana kwa flashi kuliko njia yoyote ninayoiona mimi mezani kwangu. Unaenda kuprinti, unarudi, unachomeka, unakuta folda zako zote zimegeuka shotikati zenye kamshale kadogo pembeni. Usibonyeze hata moja. Ukibonyeza folda linafunguka kweli na unaona kazi zako, ila na kirusi kinajiendesha hapohapo kwa nyuma na kuhamia kwenye kompyuta. Bonyeza flashi kitufe cha kulia, skani, ndo ufungue. Na washa uonyeshaji wa viishio vya majina ya mafaili, ili ukikutana na kitu kinaitwa ripoti.pdf.exe uone kabisa kwamba siyo ripoti.

Kopi za tasnifu ziwe angalau tatu, moja kwenye laptopi, moja kwenye diski ya nje ambayo huiachi imechomekwa, moja kwenye wingu kama Google Drive au OneDrive. Diski ikiachwa imechomekwa, kirusi cha kufunga mafaili kinafunga na ya huko.

MASWALI

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mimi flashi yangu ndo ina hizo shotikati sasa ivi, nimeskani na Defender imefuta virusi lakini folda zangu sizioni na asaimenti ni kesho. Zimefutwa?

Jibu: Pole ndugu yangu, na usiiformati flashi, folda zipo ila zimefichwa. Angalia flashi yako imepewa herufi gani, tuseme ni E. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri, litafute kwenye kitufe cha Windows), andika attrib -s -h -r E:\*.* /s /d alafu bonyeza Enter na usubiri, ikiwa na mafaili mengi inachukua muda. Folda zitarudi. Wakati mwingine vitu vyote vinakuwa vimeingizwa kwenye folda moja lisilo na jina, ukiliona hilo lifungue, kazi zako zimo humo. Kisha skani na laptopi yenyewe, maana flashi inaweza kuwa imeambukizwa na hiyohiyo laptopi na kesho itarudia.

Swali: Samahani mkuu, kuna ubaya gani nikitumia antivairasi ya kulipia iliyokrakiwa? Rafiki zangu wote wanatumia na hatujaona tatizo.

Jibu: Fikiria hivi, antivairasi ni moja ya programu zenye ruhusa kubwa kabisa kwenye kompyuta yako, inasoma kila faili. Sasa unachukua hiyo programu imefunguliwa na mtu usiyemjua, kaibadilisha ndani, alafu unampa ruhusa zote. Na virusi vingi vya siku hizi havijionyeshi, vinachukua nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza na kuondoka nazo, kwahiyo kutokuona tatizo hakukwambii kwamba halipo. Tumia ya bure ya halali.

Swali: Nina MacBook, nahitaji antivairasi?

Jibu: Mac inakuja na kinga yake inaitwa XProtect, inafanya kazi kimyakimya. Apdeti mfumo, usiinstoli programu kutoka sehemu za ajabu, inatosha.

Swali: Kaka mimi nipo tofauti na wewe kidogo. Defender kwenye laptopi yangu inakula diski asilimia mia nikiwasha tu, mpaka nisubiri ndo niandike. Unasemaje inatosha?

Jibu: Upo sahihi dada, kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka hiyo hali inatokea na inachosha, siwezi kukubishia. Mara nyingi ni kwamba inaskani wakati umeshaanza kazi. Jaribu kufungua Task Scheduler (programu ya Windows ya kupanga ratiba za kazi), nenda sehemu ya Windows Defender, upange skani ya ratiba iwe muda ambao laptopi imewaka lakini huitumii. Ukipata uwezo badilisha diski uweke SSD (diski isiyozunguka, ina kasi zaidi), hakuna antivairasi itakayokupa wepesi kama huo. Vikishindikana vyote basi chagua nyingine kwa ile alama ya uzito niliyosema hatua ya 2. Ila usiizime ukabaki bila kitu.

Swali: Defender inanifutia kila programu ninayoandika mwenyewe ya somo la programu, nimechoka. Nizime?

Jibu: Usizime. Tengeneza folda moja la kazi zako za kuandika programu, alafu ndani ya Windows Security ingia kwenye mipangilio ya ulinzi wa virusi, shuka chini mpaka sehemu ya Exclusions (vitu ambavyo Defender haitavikagua), uongeze hilo folda tu. Lisiwe folda la Downloads, na usiweke humo kitu ulichopewa na mtu. Zile zilizofutwa ziangalie kwenye Protection history, nyingi bado utaweza kuzirudisha.